Usizime simu, nenda kabla ya tarehe

Dada, umeuliza kati ya wanaokudai, yaani benki, kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) na yule wa kausha damu (mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa), uanze na nani, na kama uzime simu kwanza wasikupate. Simu usizime. Nenda benki kabla tarehe ya rejesho haijapita, mwone afisa mikopo, omba waupange upya mkopo: muda urefuke, rejesho lipungue. Beba karatasi yenye mapato na matumizi yako, utaje kiasi unachokiweza hata mwezi mbaya. Usiahidi laki mbili kwa aibu wakati uwezo wako ni themanini elfu. Ukivunja ahadi ya kwanza, ya pili hawaisikilizi.

Wa kausha damu ndiye wa kumbana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, kwa hiyo muulize. Mlipe kwa njia inayoacha kumbukumbu, mkikubaliana muandikishane. Na kama ameshika kadi yako ya benki na namba ya siri, anza na hilo leo: nenda benki ubadilishe kadi na namba ya siri, kabla mshahara haujaingia.

Kikoba waambie ukweli kikaoni, wengi huongeza muda.