Barua kwa mwanangu: aya moja inatutaja sote wawili

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama Torati ina neno lolote jema kwa mwanamume anayependa wanaume, au kama fungu lako ni ule mstari wa Walawi 18 tu, unaomkataza mwanamume kulala na mwanamume, ambao kila mtu anakurushia. Ukasema hutaki kubembelezwa, unataka uonyeshwe palipoandikwa. Haya, fungua kitabu tusome.

Huo mstari sitauficha. Upo, na ni mkali. Kwa desturi ya zamani husomwa alasiri ya Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, watu wakiwa na njaa na koo zimekauka, na hapo huwezi kujifanya hukusikia. Naelewa kwa nini mwaka jana ulitoka nje. Sinagogi nyingi za mrengo wa Reform, Wayahudi wa mageuzi, siku hiyo husoma Walawi 19 badala yake, ile sura yenye amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako. Wamefanya vyema. Lakini nakujua tangu utotoni: ukurasa ukirukwa, wewe ndio utakaoufungua.

Basi anza na Kumbukumbu la Torati 23. Mwanzoni kabisa mwa sura, mwanamume aliyehasiwa anakatazwa kuingia katika mkutano wa Bwana. Shuka kidogo tu, Mwamoni na Mmoabi nao wanafungiwa mlango, hata kizazi cha kumi. Hiyo ni sheria ya Musa, haina mafumbo.

Sasa nenda Isaya 56. Wakati huo watu wametoka uhamishoni Babeli, au wangali wanatoka. Huko nyuma, katika sura ya 39, mfalme Hezekia aliambiwa kwamba baadhi ya wanawe watachukuliwa wawe matowashi, yaani wanaume waliohasiwa, katika jumba la mfalme wa Babeli. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo hakuwa hadithi ya mbali. Alikuwa mtoto wa mtu, anarudi nyumbani, na anajua sheria inasemaje juu yake. Nabii anawachukua watu wawili waliokuwa nje ya mlango, anawaweka katika aya moja. Mgeni aliyejiunga na Bwana asiseme kwamba Bwana atamtenga na watu wake. Na towashi asiseme, "Mimi ni mti mkavu."

Soma polepole anachoahidiwa huyo towashi. Haambiwi atapona. Haambiwi kwamba akiomba sana atapata mke na watoto kama wenzake. Anaambiwa kwamba akizishika sabato, akayachagua yanayompendeza Mungu na kulishika agano, atapewa ndani ya nyumba ya Mungu, ndani ya kuta zake, ukumbusho na jina lililo bora kuliko wana na binti, jina la milele. Na hiki ni kitabu ambacho tangu Abrahamu baraka inahesabiwa kwa uzao! Nchi ya Israeli ilipoanzisha mwaka 1953 taasisi ya kuwakumbuka Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi, iliiita Yad Vashem, yaani "ukumbusho na jina" kwa Kiebrania. Jina hilo limetoka hapa hapa, katika ahadi aliyopewa towashi.

Sitakudanganya kwamba Isaya alikuwa akizungumza juu ya mashoga. Wewe si towashi, na mwenzako na wewe mkijaliwa mtalea watoto. Ninachokuonyesha ni kwamba ndani ya Maandiko yenyewe kuna watu waliofungiwa mlango na andiko, kisha andiko jingine likawafungulia bila kuwadai wawe watu wengine. Ruthu alikuwa Mmoabi, na mfalme Daudi ni kitukuu chake.

Mgeni katika aya hiyo ni mimi, mwanangu. Msichana wa Voi niliyelelewa na Biblia ya Kiswahili ya nyanya yako, nikaolewa na baba yako, nikasimama mbele ya marabi watatu, walimu wa dini, kuomba kupokelewa katika Uyahudi. Wapo hata leo wanaoniangalia pale sinagogini kana kwamba nimepotea njia. Nusu ya kwanza ya aya ile ndiyo iliyonishika miaka yote hii. Nusu ya pili ichukue wewe. Mungu alitutaja kwa pumzi moja, na anayetaka kukutoa wewe itabidi anitoe na mimi.

Utaniambia huo ni moyo wa mama, marabi je? Los Angeles kuna sinagogi iliyoanzishwa na mashoga na wasagaji tangu 1972, Beth Chayim Chadashim, na New York ikafuata Beit Simchat Torah mwaka 1973. Desemba 2006, kamati ya sheria ya Wayahudi wa Konsavativu, mrengo ulio kati ya Reform na Othodoksi, ilipokea hoja ya marabi Elliot Dorff, Daniel Nevins na Avram Reisner, iliyofungua njia ya kuwaweka wakfu marabi mashoga na kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Waliegemea neno la Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, kwamba heshima ya binadamu ni kubwa hata inaweza kuondoa katazo lililomo katika Torati. Haikuwa hoja kamili: katazo la kitendo chenyewe cha Walawi waliliacha libaki palepale, na siku ile ile kamati ikapokea pia hoja inayoipinga. Wayahudi wa Othodoksi, wanaoshika sheria za kale kwa ukali zaidi, wengi hawajafika hata hapo. Ila usikubali mtu akwambie kwamba Uyahudi wote una sauti moja juu yako.

Na unapojiona hufai, soma Mishna, kitabu cha sheria za marabi wa kale kilicho msingi wa Talmudi, Sanhedrini 4:5. Ni maonyo waliyopewa mashahidi kabla ya kutoa ushahidi unaoweza kumuua mtu. Wanaambiwa kwamba mfalme hupiga sarafu nyingi kwa muhuri mmoja na zote zikafanana, lakini Mungu amempiga kila mtu kwa muhuri wa Adamu, na hakuna anayefanana na mwenzake. Kwa hiyo kila mtu ana wajibu wa kusema: "Kwa ajili yangu ulimwengu uliumbwa." Wajibu, mwanangu, kama kufunga na kusali. Na wanaokunyooshea kidole kwa kutumia Walawi, maonyo ya mashahidi yanawahusu wao kwanza.

Kuhusu Yom Kippur ya mwaka huu, zungumza na rabi wako mapema, umuulize watasoma sura ipi. Ikiwa ni ya 18 na moyo bado mzito, toka nje bila aibu, kisha urudi wakianza kitabu cha Yona. Na Isaya 56 husomwa alasiri ya mifungo mingine, ukiwemo ule wa Gedalia, siku moja baada ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi. Waombe wakupe wewe uisome. Baba yako amesema yuko tayari kukufundisha tuni yake kwa simu, jioni yoyote utakayotaka.

Mama yako