Kuhamishia Debian kwenye RAID1 bila kusakinisha upya

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Seva ya ofisi yao inaendesha Debian 12 kwenye diski moja ya TB 1, wamenunua diski ya pili, na fundi amewaambia ni lazima kufuta kila kitu na kuanza upya ili wapate RAID1, yaani diski mbili zinazobeba data ileile. Si kweli. Mfumo uliopo unahamishika kama ulivyo, na seva huzimwa kwa muda mfupi tu. Ila niseme mapema: kunakili mafaili ndiyo kazi rahisi. Watu hukwama kwenye kuwasha, na wengine hawajui kuwa wamekwama mpaka siku diski ya kwanza inapokufa.

Chukua bekapu kwanza, kwenye diski ya tatu. RAID1 yenyewe si bekapu: faili ukilifuta, linafutika kwenye diski zote mbili papo hapo.

Siri ya njia hii ni kuunda safu (kundi la diski ambalo mfumo huliona kama diski moja) yenye nafasi mbili huku moja ikiwa wazi. Diski mpya inaingia, mfumo unahamia humo, kisha diski ya zamani inafuata. Tuseme ya zamani ni sda na mpya ni sdb, lakini hakikisha kwa namba ya utambulisho wa diski (SERIAL), maana majina haya huweza kubadilishana seva ikizimwa na kuwashwa:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Patisheni ya 1 ni ya EFI (mafaili ya kuwashia seva), ya 2 ni mfumo, ya 3 ni swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM). Nakili mpangilio:

sgdisk -R /dev/sdb /dev/sda
sgdisk -G /dev/sdb
sgdisk -t 2:fd00 -t 3:fd00 /dev/sdb

Soma mstari wa kwanza mara mbili kabla ya kubonyeza. Diski inayofuata -R ndiyo inayoandikwa juu. Ukigeuza, jedwali la patisheni la diski yenye data limekwenda. Patisheni ya mwisho ifupishe kwa MB 200 hivi, kwa sababu diski utakayonunua miaka ijayo, hata ikiandikwa TB 1, inaweza kuwa ndogo kidogo, na mdadm, programu inayosimamia safu, haipokei patisheni iliyopungua.

mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 missing /dev/sdb2
mdadm --create /dev/md1 --level=1 --raid-devices=2 missing /dev/sdb3
mkfs.ext4 /dev/md0
mkswap /dev/md1
mkfs.vfat -F 32 /dev/sdb1

Swap nayo iwe ndani ya safu. Ikiwa juu ya diski moja na diski hiyo ikafa, programu zilizokuwa na kumbukumbu humo zinaanguka, na faida yote ya RAID1 imepotea.

Usitumie dd kunakili mfumo. Taarifa za safu za toleo 1.2 hukaa KB 4 tu kutoka mwanzo wa patisheni na data huanzia mbele zaidi, kwa hiyo md0 ni ndogo kuliko sda2 na nakala haitatosha. Tumia rsync:

mkdir -p /mnt/asili /mnt/mpya
mount --bind / /mnt/asili
mount /dev/md0 /mnt/mpya
rsync -aAXH --numeric-ids /mnt/asili/ /mnt/mpya/

Ile --bind inakupa mafaili ya diski ya mfumo peke yake, bila /proc wala /sys. Mzunguko wa kwanza upige seva ikiwa kazini. Wa pili simamisha hifadhidata na huduma nyingine, ongeza --delete, na usiziwashe tena mpaka umehamia.

Sasa kuwasha. Unganisha /dev na /sys kwa mount --rbind, /proc na /run kwa mount --bind, ingia kwa chroot /mnt/mpya (amri zinazofuata zitafanya kazi ndani ya mfumo mpya), kisha uunganishe sdb1 kwenye /boot/efi. Katika /etc/fstab weka UUID za md0, md1 na sdb1 kama zinavyosomeka kwenye blkid, na mstari wa /boot/efi uupe nofail. Bila neno hilo, diski yenye EFI ikifa, systemd husubiri sekunde 90 kisha hukuacha kwenye hali ya dharura, ingawa safu nzima ni salama. UUID ya swap ibadilishe pia katika /etc/initramfs-tools/conf.d/resume kama faili hilo lipo. Halafu:

mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf
update-initramfs -u -k all
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --force-extra-removable
update-grub

Mpangilio huo una maana. Ukitengeneza initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza wakati wa kuwasha) kabla ya kuandika mdadm.conf, safu inaweza kuibuka kwa jina la md127, au mfumo usionekane kabisa na ukajikuta kwenye kidokezo cha (initramfs). Hapo andika mdadm --assemble --scan, kisha exit. Ukiingia, rudia update-initramfs.

Baada ya kuwasha upya, findmnt / lazima ioneshe /dev/md0, na cat /proc/mdstat ioneshe [_U], yaani nafasi ya kwanza bado wazi na ya pili inafanya kazi. Usiiguse sda kabla ya kuyaona yote mawili. Ukishayaona:

wipefs -a /dev/sda2 /dev/sda3
sgdisk -R /dev/sda /dev/sdb
sgdisk -G /dev/sda
mdadm /dev/md0 --add /dev/sda2
mdadm /dev/md1 --add /dev/sda3

Kwa diski ya kuzunguka ya TB 1, kusawazisha huchukua saa mbili hadi tatu. Wakati huo nakili mafaili ya /boot/efi kwenda sda1 na uiandikishe:

efibootmgr -c -d /dev/sda -p 1 -L debian-a -l '\EFI\debian\shimx64.efi'

Likija sasisho la GRUB, programu inayowasha mfumo, rudia kunakili.

Jaribio ndilo linalorukwa na wengi. Subiri [UU] (diski zote mbili zimo), zima, chomoa sda, washa. Ikiwaka, zima, irudishe, iongeze tena kwa mdadm, na usubiri [UU] nyingine ndipo uchomoe sdb. Ukiziwasha zote mbili kwa zamu bila kusawazisha katikati, kila moja inaandika historia yake, na moja itabidi uitupe.

Pale ambapo umeme hukatika ovyo, hakikisha neno bitmap (kumbukumbu ya vipande vinavyoandikwa) lipo kwenye /proc/mdstat; kama halipo, mdadm --grow --bitmap=internal /dev/md0. Kwa hiyo bitmap, umeme ukirudi husawazishwa vipande vilivyokuwa vinaandikwa tu, si TB nzima.

Angalia pia smartctl -l scterc /dev/sda, inayoonesha muda ambao diski hujipa kusoma sekta mbovu kabla ya kukata tamaa. Diski za kompyuta za mezani huweza kuhangaika na sekta mbovu kwa zaidi ya sekunde 30, ambazo ndizo keneli huvumilia, na diski ikatolewa kwenye safu. Diski ikikubali kuwekewa kikomo, iwekee sekunde 7 kwa -l scterc,70,70. Isipokubali, andika 180 katika /sys/block/sda/device/timeout. Lolote kati ya hayo utakalotumia, lirudie kila seva inapowaka.

Mwisho jaza MAILADDR katika mdadm.conf na upige mdadm --monitor --scan --oneshot --test. Barua isipofika, rekebisha utumaji wa barua pepe kabla ya kuirudisha seva kazini, kwa sababu RAID1 iliyobaki na diski moja hufanya kazi kama kawaida na hakuna atakayeshtuka.