Nimefunga sabufa nyuma ya kiti cha Fairlady, na buti langu bado ni buti

Juzi kijana mmoja wa Bagamoyo kanitumia ujumbe: "Kaka shikamoo. Nimepata Altezza, nataka mdundo wa maana, lakini mama watoto hataki kusikia habari ya boksi kwenye buti. Wewe umefanyaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Si wewe peke yako. Tangu nirushe ile video ya Raskazone, hapa Tanga, kioo cha nyuma kinatetemeka, halafu nafungua buti na ndani hamna kitu, watu hawajaacha kuniuliza. Wapo walioandika kwamba nimewasha muziki kwenye gari la jirani. Sijaficha kitu. Sabufa, ile spika ya sauti nzito za besi, iko pale pale Nissan walipoiweka ya kwao, nyuma ya kiti, chini ya plastiki ile ile ya kiwandani. Ukipanda gari langu huoni chochote kipya. Utakisikia tu.

Kwa wasioijua, Fairlady Z ninayoizungumzia ni Z33, ile iliyotoka mwaka 2002, V6 ya lita 3.5, viti viwili tu. Nje ya Japani wanaiita 350Z. Buti lake ni pana lakini si refu kwenda chini, na katikati limekatizwa na chuma kinene cha kukaza bodi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ataweka boksi la inchi 12 humo, ujue hajawahi kulifungua.

Mimi niliwekewa mawili.

Fundi mwenyewe simtaji, hayuko tena mjini. Tanga yetu ya waja leo waondoka leo, naye kaondoka na hela yangu. Aliniambia, "Bosi, nikikufungia hizi hata Dar hawakupati." Kweli hawakunipata, kwa sababu sikufika. Nilikuwa naelekea Segera, nimeshapita Pongwe, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikasimama, nikafungua boneti. Waya mkubwa unaotoka kwenye betri ulikuwa umesagwa na ukingo wa bati pale unapoingilia ndani, ganda limeyeyuka, na fyuzi haikuwepo. Haikuwekwa kabisa. Niliukata ule waya na wembe nikaukwangua: juu rangi ya shaba, chini yake nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba, nami nimelipa bei ya shaba. Nilipomrudia akanijibu kwamba magari ya Kijapani umeme wake ni dhaifu. Mpaka leo jibu hilo likinijia usiku nageuka upande wa pili wa kitanda.

Baada ya hapo niliamua kazi nitaifanya mwenyewe, na nitaanzia mahali ambapo wahandisi walishafikiria badala yangu.

Maana hapo ndipo wengi tunapokosea hesabu. Tunaona sehemu ya kiwandani ni ndogo, tunaidharau. Sauti ya besi ya 50 Hz, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa karibu mita 7, refu kuliko gari lenyewe. Sikio halijui limetokea wapi. Na chumba kidogo kilichofungwa, kama cha gari la viti viwili, kinazipandisha zile sauti za chini kabisa bila wewe kulipa senti. Sabufa moja ya inchi 10 ikikaa vizuri nyuma ya mgongo wako inafanya kazi ambayo buti zima la mbao halifanyi. Masharti ni mawili tu: iendane na amplifaya kwa omu, kile kipimo cha ukinzani wa umeme, na kasha lake lisivujishe hewa. Ukikumbuka hayo mawili unaweza kuacha kusoma hapa.

Gari langu lilikuja na mfumo wa Bose. Redio yenyewe ya Kijapani, FM yake inaanzia 76 na kuishia 90, hivyo vituo vyetu vingi huvipati, nikaitoa mapema. Spika ya Bose nyuma ya kiti nilipoifikia ilikuwa imeshajifia: ukingo wa sponji umeoza, ukiugusa unabaki kidoleni kama majivu ya sigara. Hewa ya bahari na umri, vikikutana, sponji haina la kufanya. Ndiyo maana unaponunua nyingine, kwa sisi wa pwani, tafuta yenye ukingo wa mpira.

Kufungua plastiki za ndani sitaeleza, video zimejaa mtandaoni. Nasema mambo mawili tu. Toa waya hasi wa betri, subiri angalau dakika 3 kabla ya kugusa chochote, na soketi za rangi ya njano usichezee, hizo ni za eabegi. La pili, usitoboe sakafu nyuma ya viti. Tangi la mafuta liko chini ya eneo hilo. Kuna watu wana drili na hawana hofu ya Mungu.

Sasa omu. Spika ile ya Bose niliipima kwa mita, haikufika hata 2. Nyingi zinazouzwa madukani ni 4. Ukiichukua ya omu 4 ukaipachika kwenye amplifaya ya kiwandani iliyozoea omu 2, inatoa karibu nusu ya nguvu, halafu unamlaumu muuzaji. Ukifanya kinyume, ukashusha omu chini ya zile amplifaya inazozikubali, inachemka na kujizima, au inakufa moja kwa moja. Mimi niliiacha amplifaya ya Bose ipumzike, nikaweka yangu ndogo chini ya plastiki ya upande wa pili, wati 300 kwenye omu 4, na sabufa ya omu 4. Zimeoana, hakuna anayemwonea mwenzake.

Na tafadhali, ile namba kubwa kwenye boksi isikubabaishe. Wanaandika wati 1,200 kwa herufi unazozisoma ukiwa ng'ambo ya barabara, halafu pembeni kwa herufi za mchwa wanaandika RMS 300, yaani wati inazozimudu muda wote. Hiyo 300 ndiyo spika yenyewe. Nyingine ni mahubiri.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni kina. Sabufa ya kawaida ya inchi 10 inataka sentimita 13 na kuendelea kwenda nyuma, na nafasi ile haina. Ziko nyembamba, zinazotaka sentimita 8 au 9, na hizo ndizo za kutafuta. Pima kwa rula kabla hujatoa hela, pima na sumaku ya nyuma, pima na mwendo wa koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, ikitoka nje, isije ikagonga kava. Ujazo wa kasha nao pima. Mimi nilimimina mahindi ndani ya kasha la kiwandani kwa chombo cha lita moja, mama akinitazama tu kutoka barazani, hajui amsomee mwanawe dua au amwache. Karatasi ya spika yangu ilitaka kati ya lita 14 na 20, na kasha lilikuwa limegusa kile cha chini. Kasha likibana sana besi inakuwa ya kuvuma tu, noti moja kwa nyimbo zote. Nikajaza ndani ile pamba ya nailoni wanayotilia kwenye mito, bila kuishindilia. Inaifanya spika ione kama ina chumba kikubwa zaidi ya ilichonacho. Tofauti niliisikia.

Matundu ya skrubu hayakulingana, hayalingani kamwe. Nilikwenda kwa fundi seremala Makorora anikatie pete ya plaiwudi ya marini. Usikubali MDF, ile mbao ya unga ulioshindiliwa. MDF ya Tanga inakunywa unyevu, masika moja tu imevimba kama mkate kwenye chai na skrubu zote zimelegea. Yule mzee alinikatia pete, akaisugua, akaipaka vanishi pande zote na ndani ya tundu, akaniuliza, "Hii ya saa ya ukutani?" Nikamwambia ya muziki. Akacheka, akanitoza bei ya saa ya ukutani.

Halafu kuziba. Hapa ndipo sabufa nyingi za mjini zinapofia na mwenyewe hajui. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa ya nyuma ikipata upenyo wa kutoka, inakutana na ya mbele na kuifuta. Unabaki na kelele za plastiki na maumivu ya kichwa. Unaongeza sauti, plastiki inaongeza kelele. Kwa hiyo ziba. Ziba kati ya pete na kasha, ziba kati ya spika na pete, ziba tundu la waya, kisha rudi uzibe tena ulipodhani umeziba. Tumia utepe wa sponji wa madirisha au silikoni, ila si ile silikoni inayonuka siki, kwa sababu ile asidi inakula shaba na vituo vya waya. Kuta za kasha la plastiki zipige lami ya karatasi, ile nyeusi ya kunata yenye foili juu, zisitetemeke zenyewe.

Kujua kama pamevuja, nilimwomba mke wangu vijiti vya udi. Niliwasha sauti ya 30 Hz kutoka kwenye simu, taratibu tu, koni inaonekana ikienda na kurudi, nikapitisha udi pembezoni mwa kasha. Moshi unapanda wima umenyooka, unapanda, unapanda, halafu ukifika penye upenyo unaanza kurukaruka kwa pumzi fupi fupi. Nilipata kona ya chini, nyuma kabisa, nisingeiona kwa tochi. Gari likanukia siku nyingi. Shemeji zangu walidhani nimepata mke wa pili.

Waya: shaba tupu, unene namba 8 (AWG) inatosha kwa wati 300, fyuzi ya ampea 40 isipite sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kwenye Z33 betri iko nyuma kabisa ya boneti karibu na kioo, imefunikwa na kava, hivyo waya hauna safari ndefu kuingia ndani. Pale unapopenya bati weka mpira. Pale, pale. Ethi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, iwe fupi, kwangua rangi mpaka uone chuma cheupe, na usitumie bolti ya mkanda wa kiti. Ile bolti kazi yake ni kukuokoa.

Kuna kile kinobu kimeandikwa GAIN. Si cha sauti, jamani. Kinalinganisha amplifaya na redio. Ukikipandisha mpaka mwisho mawimbi yanakatwa vichwa, koili ya ndani ya spika inapata joto, na sabufa inaungua hata kama wati zako ni chache kuliko zake. Toa waya za spika, weka redio kwenye robo tatu, piga sauti ya 50 Hz, pima volti za AC mdomoni mwa amplifaya. Kwa wati 300 kwenye omu 4, ikifika volti 34 hivi, acha. Kinobu cha LPF, kinachopitisha sauti za chini tu, kiweke karibu na 80 Hz. Basi.

Majaribio yangu sikuyafanya na bongofleva. Niliweka taarab ya zamani ya Black Star, vijana wa hapa hapa Tanga walioingiza gitaa la besi kwenye taarab miaka ya 60. Rekodi zile hazikutengenezwa kwa sabufa, na ndiyo uzuri wake: gitaa la besi linatembea noti kwa noti, na kasha likivuja au likibana unajua papo hapo, kwa sababu noti zinaungana zinakuwa mvumo mmoja. Kwangu zilitembea. Nilikaa ndani ya gari, milango imefungwa, nimezima feni, jasho linanitoka, nasikiliza vidole vya mtu. Sijivuni, ila nimewahi kukaa kwenye magari yenye mitambo ya mamilioni na sijasikia vile.

Wewe wa Altezza, kwako ni tofauti kidogo. Spika zile za kwenye rafu ya nyuma hazina kasha, buti ndilo kasha lao. Ukitaka sabufa pale, tafuta inayoruhusiwa kufanya kazi bila boksi, na uzibe rafu yote, matundu yote kati ya buti na viti. Kazi ni ile ile, udi ni ule ule, eneo tu ndilo kubwa. Mama watoto mizigo yake ataweka.

Vijana wenzangu tunapenda kuonekana. Tunataka boksi lenye taa za bluu ili wa nyuma wajue. Halafu mtu huyo huyo anabana hela ya fyuzi. Mwenye gari la spoti umeshaonekana tayari, unahitaji nini tena na taa? Nunua waya wa kweli. Mlipe seremala. Usimwachie funguo fundi asiyeweza kukuambia omu ni nini, na akikujibu kwamba gari lako ndilo bovu, chukua funguo zako uondoke, usibishane naye.

Kila masika yakiisha nafungua ile plastiki. Kituo cha ethi nakisugua na msasa hata kama hakijaanza kuota kijani, napaka grisi, nakaza. Skrubu za pete nazo nakaza, mbao hulegea kidogo. Upande wa betri naangalia fyuzi na mpira wa kwenye bati. Haizidi muda wa kunywa chai, na mara nyingi sikuti kitu cha kurekebisha.