Karakana iliyokuwa ikikuchongea vipuri imefungwa: anza na fundi wa zamani

Pole sana ndugu. Kabla ya kusaka fundi mwingine wa kukuchongea vipuri, mfuate yule aliyefunga karakana umwombe michoro na kalibu zako. Kalibu zikishauzwa kama chuma chakavu, basi tena.

Beringi zisikuumize kichwa, namba iliyochongwa ubavuni inatosha: 6205 ni milimita 25 ndani, 52 nje na upana 15, iwe ya kiwanda chochote.

Kazi ipo kwenye gia. Ikiwa ni ya meno yaliyonyooka, yahesabu, ongeza 2, kisha gawa kipenyo cha nje kwa jumla hiyo. Hiyo ndiyo moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa meno, na mkata gia ataiulizia mapema. Tafadhali, gia ya zamani usiitupe hata kama imevunjika.