Jirani Mjava kaniita slametan ya msiba, niende?

SWALI: Assalam alaykum shehe. Mi nasoma Yogyakarta, kisiwa cha Java huku Indonesia, jirani yangu kafiwa na babake, kesho siku ya saba wanafanya slametan, karamu yao ya dua, na wameniita. Kuna majirani Wakristo nao wanakaa mkeka huohuo. Si shirki hii?

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Nenda.

Slametan ni neno hilihilo letu la salama, na kile chakula utakachofungiwa uende nacho nyumbani wanakiita berkat, baraka hiyo. Watasoma Yasini, watapiga tahlili, imamu ataomba dua mtaitikia amin, halafu mnakula, sasa hiyo na hitima ya bibi yako kwenu ina tofauti gani? Wale ni Shafi kama sisi, hata Barzanji wanasoma. Na sadaka kwa ajili ya maiti ipo kwenye hadithi sahihi, mtu alimuuliza Mtume kuhusu mamake aliyekufa ghafla akaambiwa ndio, inamfaa.

Ila zile hesabu za siku ya 3, 7, 40, 100 mpaka ya 1000 ni mila tu hazina aya, na kuna wanazuoni, hata wa Shafi, wanaochukia mfiwa kubebeshwa mzigo wa kupika. Wajava wenyewe hawajaelewana, jumuiya ya Kiislamu ya Muhammadiyah walioanzia hapohapo Yogyakarta 1912 wengi wao hawataki, jumuiya nyingine ya Nahdlatul Ulama ya 1926 ndo wanaoshikilia mila hii. Usiende ukawaamulia ugomvi wao, we mgeni.

Ukiona pembeni kisahani cha maua na ubani, sesajen, kimewekewa mizimu, hicho usikishike wala usikitie nia. Na wakikuita ufukweni Parangkusumo kumpelekea sadaka Nyai Roro Kidul malkia wa bahari, hapo sema samahani.

Wakristo kukaa mkekani kuna ubaya gani jamani, wamekuja kumpa pole jirani yao. Soma Mumtahina aya ya 8. Na hapo Java mkesha wa Krismasi 2000 kijana Muislamu, Riyanto, wa Banser, kikosi cha vijana wa Nahdlatul Ulama, alikuwa analinda kanisa Mojokerto, akalibeba bomu kulitoa nje likamlipukia akafa, Allah amrehemu. Sasa wewe unaogopa kula nao wali?

Berkat usiikatae, mfiwa ataumia. Na usiende mikono mitupu, mchele kidogo au sukari inatosha, mpe mama mwenye nyumba jikoni.