Barua kwa mwanangu: kuku, mchicha na jua la Februari

Mwanangu,

Ujumbe wako wa kutoka Kibada, huko Kigamboni, nimeusoma. Unasema kuku watatu kati ya thelathini umewakuta wamekufa saa tisa alasiri, mchicha unaungua kingo ingawa unaumwagilia kila siku, na unauliza kama uongeze kuku wafike mia kabla ya sikukuu. Usiongeze. Mwezi huu unachopungukiwa ni maji na kivuli, na kila kuku mpya atakula katika hivyo viwili.

Piga hesabu. Kuku mkubwa hunywa kama robo lita kwa siku. Joto likigonga nyuzi 32 hunywa hata mara mbili. Hao ulio nao wanataka karibu lita 15. Matuta yako matano ya mita moja kwa tano, kwenye mchanga wa Kigamboni, kila moja linataka ndoo mbili za lita 20, moja alfajiri na moja jioni. Hizo ni lita 200. Simtanki la lita 1,000 haliimalizi siku ya tano, na hapo hujaoga wala kupika. Bakiza matuta mawili tu. Matatu yaliyobaki yafunike kwa nyasi kavu au makuti yaliyochakaa, yasubiri masika. Mchwa watakuja kwenye hayo makuti, kwa hiyo yageuze mara kwa mara.

Kuungua kingo kuna sababu mbili, na nadhani unazo zote. Kwanza, samadi ya kuku uliitoa bandani ikaenda moja kwa moja kwenye tuta. Hiyo ni kali, huchoma mizizi. Irundike kivulini, iloweshe, igeuze kila wiki, iive miezi miwili au mitatu. Pili, maji ya kisima. Ukiona utando mweupe juu ya udongo ukikauka, ni chumvi. Usiyanyunyize kwenye majani. Mimina shinani, tena ya kutosha yashuke chini, maana kumwagilia kidogo kidogo ndiko kunakoiacha chumvi juu. Kwa maji hayo spinachi itakuvumilia, maharage hayatakuvumilia hata kidogo. Na tanki lifunike. Mbu wa dengue anataka maji yaliyotulia, na Dar tumeshaona dengue mwaka 2014 na 2019.

Sasa banda, maana ndiko hasara iliko. Kuku hana jasho. Joto hulitoa kwa kuhema. Ukimkuta mdomo wazi na mabawa ameyatanua, mpeleke kivulini, mloweshe miguu na kilemba, mpe maji ya baridi. Bati tupu lililo karibu na kichwa ni tanuri, kwa hiyo tandika makuti juu yake. Kuta ndefu mbili ziwe wavu kuanzia usawa wa goti, na banda lilale mashariki kwa magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige upande mfupi. Kuku wanne au watano kwa mita moja ya mraba wanatosha. Chakula wape alfajiri na jioni, uondoe vyombo kuanzia saa tano hadi saa kumi, kwa sababu kusaga chakula nako huzalisha joto. Maji yasiondoke kamwe, na chombo kisikae juani: maji ya moto hawayanywi.

Ila usisingizie joto kila kifo. Joto huua alasiri, tena wale wanene. Ukiona kinyesi cha kijani, shingo imepinda, na vifo hata usiku, huo ni ugonjwa wa mdondo (Newcastle). Chanjo yake ya matone, tone moja jichoni, rudia kila miezi mitatu, kwa kuku wasio wagonjwa tu, asubuhi kabla jua halijapanda. Ukitumia ile ya kuchanganya kwenye maji, usitumie maji ya bomba yenye klorini, maana klorini huiua chanjo kabla kuku hajainywa.

Vifaranga, kama utavipata mwezi huu, vikae chini ya tenga hadi viote manyoya. Kunguru wa Dar unawajua.

Masika yakishika, nipigie tena tuzungumze hao kuku mia.

Mama yako