Kitambaa cha Washipibo usikitie kwenye mashine

Umeuliza kama hicho kitambaa cha Washipibo, wenyeji wa msitu wa Amazon huko Peru, ni cha mkono kweli na kama kinafulika. Angalia mistari ya michoro yake kwa karibu, ya mkono inanenepa na kukonda kidogo, ukiona yote imelingana kabisa hiyo imechapwa kiwandani. Rangi ni ya magome ya miti alafu wanapaka tope lenye madini ya chuma ndo nyeusi inakolea, kwa hiyo dawa ya madoa usiiguse kabisa, maji baridi tu na uanike kivulini. Michoro yenyewe inaitwa kené, wachoraji hasa ni wanawake, na waganga wao wanaihusisha na nyimbo za tiba (Peru iliitangaza urithi wa taifa 2008). Kutandika mezani sioni shida, ila kujifanya mganga nacho, hapo hapana aisee.